Mechi Ambazo Maduhu Hakutaka Kuzishinda

Wanaosema gemu ni ya watoto hawajawahi kushinda siku nzima kwenye banda langu hapa Katoro. Watoto kwangu hawaingii, wana shule na wana mama zao. Wanaoingia ni watu wazima wenye ndevu na vitambi, na kila mmoja ana sababu yake ambayo hawezi kuisema kanisani. Mwalimu Gregory anacheza ngumi kwa sababu mama mkwe wake alikuja kusalimia wakati wa mavuno na hajataja siku ya kuondoka. Wiliam wa bodaboda, kila akipumzika kuendesha pikipiki juani, anakuja kulipa ili aendeshe gari la kwenye televisheni. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema, "Mama Januari, humu hakuna trafiki."

Mimi mwenyewe sichezi. Televisheni mbili na mashine zake aliniachia Baba Januari alipoondoka kufuata dhahabu na mwanamke mwingine, na sijui alianza kufuata kipi. Nilimlaani wiki nzima, kisha nikafungua banda.

Mteja aliyenishinda kumwelewa ni Maduhu. Ni mtu wa Mhunze, mrefu, mpole, na ni mwenye duara, yaani shimo la dhahabu ni lake na vijana wanazama kumchimbia. Alikuwa akija asubuhi kabla watu hawajajaa. Alichagua mpira, akachagua uwanja ule ule wenye mchana na mawingu meupe, kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kwa mwingine: hakutafuta goli. Alipiga pasi tu. Kulia, kushoto, nyuma, kama mtu anayeswaga ng'ombe kwenda malishoni bila haraka. Mpinzani akimnyang'anya mpira na kufunga, Maduhu anasema "haya" na kuanza upya. Alifungwa sita, alifungwa saba, akaondoka anatabasamu.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. "Baba Eunice," nikamwita kwa jina la mwanawe, "mtu mzima unatoka nyumbani kwako uje kufungwa na Wiliam?"

Akatazama kwanza kama kuna mtu mlangoni. "Mayo," akaniita mama kwa Kisukuma, "mimi nilifukiwa. Enzi hizo nazama mwenyewe. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa kifusi, namsikia ananiita, halafu nikawa simsikii. Nikatolewa mimi. Tangu hapo sijashuka tena, na vijana wangu wanadhani ni ubosi. Nyumbani nalala mlango wazi, mke wangu analalamika mbu." Akanyoosha pedi ya kuchezea kuelekea kwenye ule uwanja. "Hapa nakimbia na sina kitu juu ya kichwa. Sasa goli la nini?"

Nilimwonea huruma, na huruma yangu huwa inakuja na hasira. Tangu siku hiyo asubuhi ikawa ya Maduhu, na aliyemcheka nilimtoa nje kwa ufagio.

Lakini machimboni kwetu hakuna anayeamini kwamba dhahabu inapatikana kwa kuchimba. Kuchimba ni kazi ya mikono. Kupata ni kazi ya mganga. Huyu kaambiwa asioge mpaka duara liteme, yaani litoe dhahabu, yule kaambiwa avae shati nje ndani, na mwingine anatembea na jiwe mdomoni. Masharti ni siri. Ukimuuliza mtu sharti lake lazima akane, na akishakana, basi ni kweli.

Kwa bahati mbaya, duara la Maduhu likatema. Vijana walitoa mawe mazuri asubuhi iliyofuata baada ya yeye kufungwa saba, na walipoyasaga kwenye karasha hata wenye karasha walikuja kuchungulia. Haukupita muda likatema tena. Msimamizi wake, Deusdedit, ni mtu wa kufikiri, na hilo ndilo tatizo lake. Akajiuliza: mtu mzima, mwenye mali yake, kila asubuhi anakwenda kufungwa kwa makusudi na anarudi anatabasamu. Kama hilo si sharti, sharti ni nini? Akamuuliza. Maduhu akajibu kwamba hana mganga, anacheza tu. Deusdedit akaenda kuwapa wenzake habari njema.

Wenye maduara wakaanza kumiminika bandani kwangu kutafuta kufungwa. Wa kwanza alikuwa Charles, jirani wa Maduhu kule machimboni. Siku moja alicheza na mwenzake wa Bukoli, na sitaisahau mechi ile: kila mmoja alikuwa anaukimbiza mpira kuelekea goli lake mwenyewe. Walinda mlango wa kwenye mashine ndio pekee walioonyesha uzalendo. Ikaisha sare, wakatoka nje wakigombana nani kamzibia mwenzake riziki.

Biashara ilichangamka, nisiseme uongo, lakini niliichukia. Maduhu hakuwa tena na asubuhi yake. Akishika pedi tu, watu wanajaa mgongoni kwake wanamhemea shingoni, na akifungwa wanampigia makofi. Hakutabasamu tena akiondoka.

Masika ikaja na mvua zake. Maduhu alichungulia duara lake akaona maji yanachuruzika ukutani, na matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia mwamba, yameanza kuoza. Akawaambia vijana wasizame mpaka yabadilishwe.

"Bosi," Deusdedit akamwambia, "jana umefungwa nne bila! Leo si ndiyo siku yenyewe?"

Wengine wakanong'ona kwamba anataka kuwaondoa ili aingize watu wengine wachukue mawe. Basi Maduhu akafanya kitu kigumu kuliko kushuka shimoni. Alivua kofia pale pale mdomoni mwa duara, akawaeleza yote: kifusi, mwenzake aliyemwita, mlango anaoacha wazi akilala. "Naogopa," akawaambia. "Miaka yote hii naogopa, na leo nawaogopea ninyi."

Deusdedit ndiye aliyenisimulia baadaye, bila aibu. Walimpa pole sana. Kisha wakakonyezana, maana mganga mzito humfundisha mtu hata machozi. Wakakubaliana kuzama mchana ule ule.

Maduhu alipowaona wanajiandaa kuzama, akaja kwangu anahema, kundi lote likimfuata kuona atakavyofungwa. Charles alikuwa amekaa na pedi, anasubiri mtu wa kumfunga. Maduhu akaketi upande wa pili, akageuka kwa vijana wake.

"Mmeshinda," akasema. "Mganga ninaye, na nikiifunga timu ya mtu nimevunja sharti. Nikishinda hapa, atakayezama leo atabaki humo humo."

Aliposema kweli hakuna aliyemsikiliza. Alipodanganya, banda zima likaamini.

Ikabaki shida moja: Maduhu hakujua kufunga. Hakujua hata kitufe cha kupiga shuti. "Hicho cha mviringo, baba," nikamwambia. Akapiga, mpira ukaenda kwa mashabiki. Akapiga tena, ukatoka kuelekea kwenye kona. Vijana wakaanza kumbembeleza Charles: "Kaka, funga wewe, tuokoe!" Nilijua Maduhu haoni wachezaji wale. Alikuwa anawaona vijana wake mmoja mmoja, na nilitamani nimsukumie ule mpira kwa mkono wangu.

Lakini Charles naye hakwenda pale kumwokoa mtu. Yeye alifuata bahati yake. Dakika za mwisho akauchukua mpira, akageuka nyuma, akampita beki wake, akampita mlinda mlango wake, akaupiga nyavuni mwake. Moja bila, Maduhu ameshinda. Charles akarusha mikono juu kwa furaha, vijana wa Maduhu wakashika vichwa kama waliofiwa.

Hakuna aliyezama. Kesho yake mchana, wakiwa wamekaa juu wanacheza drafti, ukuta wa duara ukaporomoka ukalijaza lote. Walikimbia huku kete zimo mikononi. Charles hadi leo hajui kwamba uroho wake ndio uliowaokoa watu wale.

Utadhani walijifunza kitu kuhusu miti iliyooza. Walichosema ni: mnaona nguvu ya sharti? Walipoanza duara jipya, Deusdedit na wenzake walimleta Maduhu bandani kwangu wakimzunguka kama bwana harusi, wakamkalisha, wakampa pedi ili afungwe kwa ajili yao. Watu walikuwa wamebanana hadi ukutani. Jasho lilimtiririka shingoni, akaomba wampishe kidogo apate hewa, hakuna aliyesogea.

"Mama Januari," akaniambia kwa sauti ya chini, "siwezi tena. Kila mpira nikiupiga namwona mtu ndani yake."

Nilichomoa waya ukutani. Televisheni ikazima, na banda zima likanigeukia.

Deusdedit akasogea mbele. "Mama, sasa matokeo ni nini? Tuzame au tusizame?"

Hasira ikanipanda. "Nendeni mkaangalie matimba!" nikapiga kelele. "Moja moja! Yagongeni kwa nyundo, lililooza litoeni! Kila siku kabla ya kuzama! Na nisimwone mtu wenu hapa asubuhi, mwacheni huyu baba acheze!"

Wakatazamana. Deusdedit akavua kofia taratibu, akainama. "Wabeja, mayo," akanishukuru, kwa ile sauti ambayo watu wa kwetu hawaitumii kwa mwenye banda la gemu.

Sasa watu wenye mvi kunizidi wananiamkia shikamoo sokoni. Maduhu amerudi kwenye asubuhi yake, anafungwa na Wiliam hadi tisa na hana habari. Na kule machimboni, kabla ya kuzama, wanagonga matimba moja moja kwa nyundo, hata Charles. Wiki iliyopita timba moja liliitika vibaya, wakalitoa, wakakuta limeoza hadi kiini.

Jioni Deusdedit akaniletea kuku mweusi, malipo ya dawa. Nilifungua mdomo nimweleze kwamba dawa hakuna. Kisha nikamtazama, mzima, ana vumbi la kazini kwenye kope zake, nikampokea yule kuku.