Siku Fulu Alipowameza Watu wa Kwetu

Aibu hii ningeikalia kimya mpaka kaburini kama si Shangazi Mbithe, ambaye ameanza kuisimulia kwenye harusi za watu, tena anaisimulia vibaya (anasema nililia, na mimi sikulia, yale yalikuwa maji ya tangi), kwa hivyo afadhali niitoe kwa mdomo wangu mwenyewe, mcheke mara moja mmalize.

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilitoka Mwingi na begi moja lenye zipu mbovu nikaenda Doha kutandika vitanda vya hoteli, nikapanda kutoka vitandani hadi mapokezi, kutoka mapokezi hadi ukumbi wa karamu, na jioni wenzangu wakilala mimi nilikuwa darasani, mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa hoteli ambayo sasa iko sebuleni kwangu ndani ya fremu ya dhahabu (ni rangi ya dhahabu, lakini ukikaa mbali kidogo huwezi kujua). Nimerudi nyumbani, nina biashara ya kupika na kuandaa karamu, nina gari la kubebea masufuria lenye jina langu ubavuni, na ninakaa Kangemi, ile ya juu, ambayo nikiongea na watu wa Doha huwa ninaiita Westlands. Yote hayo nimeyapata bila kuwa na mjomba serikalini. Ninayasema ili muone kwamba huyu aliyeaibika hakuwa mtu wa hivi hivi.

Ouma nilikutana naye alipokuja kunitengenezea nyaya za jikoni. Ni fundi wa umeme, na ndiye mwanamume mpole kuliko wote niliowahi kuwaona, hapa au ng'ambo. Tulikubaliana kuoana. Lakini mama yake, anayeishi huko Siaya karibu na ziwa, alikuwa na wasiwasi na mimi, na siku moja akamwambia Ouma kwa simu, "Huyo msichana amekaa Uarabuni sana. Watu wa huko wakirudi huwa hawana haja tena na watu." Ouma aliniambia maneno hayo akidhani nitacheka. Sikucheka. Ouma ni mtu ambaye mama yake akimwambia asubiri, atasubiri mpaka aote mvi, na mimi sikuwa na mpango wa kuolewa na mzee.

Sasa mama akatuma habari kwamba anakuja Nairobi pamoja na dada yake, Auntie Rose, na kwamba Jumapili baada ya kanisa watakuja kuona nyumba na kukutana na watu wangu. Kwa kuwa wazazi wangu walishatangulia, watu wangu ni Mjomba Mutua na Shangazi Mbithe, ambao wanakaa hapa mjini na ndio walionilea. Mama akiridhika, siku ya kwenda Mwingi itapangwa. Asiporidhika, itakuwa ile ya tutaona, tutaongea, na nyinyi mnajua tutaona ya wazazi huishia wapi.

Hapo ndipo tangi la samaki linapoingia. Nilikuwa nimelinunua muda kidogo kabla ya hapo, katika duka moja katikati ya mji linalouza pia ndege na chakula cha paka, na nataka ieleweke kwamba nilifanya kila kitu sawasawa. Watu wengi hununua tangi na samaki siku moja, wakatumbukiza, na kesho wanaokota maiti. Mimi niliacha maji yazunguke kwenye pampu kwa wiki kadhaa kwanza, mpaka yakatulia. Halafu nikachagua samaki kama ninavyopanga meza za harusi, maana kupanga wageni ndiyo kazi niliyosomea, na siri ya harusi si chakula, ni nani hatakiwi kukaa karibu na nani. Goldi nilimkataa kwa sababu anapenda maji ya baridi na anachafua sana. Yule mpiganaji mwenye mapezi kama shela nilimkataa pia, maana ana wivu, akiona mwenzake ana mkia mrefu anaung'ata. Nikachukua gapi, ambao ni wapole na wana mikia mizuri, nikachukua neoni, wale wadogo kama njiti ya kiberiti wenye mstari wa buluu unaong'aa, ambao lazima wawe kundi la sivyo wanaogopa, na kambare wadogo wenye ndevu wa kukaa chini na kuokota makombo. Wa juu, wa katikati, wa chini. Wote saizi moja, wote tabia moja. Lilikuwa tangi la amani.

Na nikawapa majina. Gapi mwenye mkia mrefu kuliko wote nikamwita Shangazi Mbithe. Kambare mwenye ndevu nyingi akawa Mjomba Mutua. Neoni wakawa kwaya ya kanisa letu la Mwingi.

Kosa langu lilianza na wazo zuri. Wiki ile ya wageni nilikuwa nimeenda Karen kupika katika karamu ya mama mmoja ambaye matangi yake yamejengwa ndani ya ukuta, na katika tangi moja nikaona samaki mwekundu mgongoni, wa buluu shavuni, urefu wa kiganja changu, akitembea kama mwenye nyumba. Nikauliza ni nani. Mama yule akasema ni fulu, samaki wa Ziwa Victoria, na kwamba anao wengi, nikitaka anaweza kunipa mmoja. Nikasimama pale na sinia mkononi nikaona kila kitu: upande wangu tayari umo ndani ya tangi, mpaka kwaya, na upande wa Ouma hauna hata mtu mmoja.

"Lakini una tanki ya saizi gani?" akaniuliza.

Jamani, nilikuwa Karen. Ukuta mzima ni maji. Ningesema nini?

"Ni kubwa," nikasema. "Ni ya ukuta."

"Na samaki wako?"

Nikaonyesha kwa mikono. Nilipoanza, mikono ilikuwa karibu karibu, lakini kadiri alivyokuwa akinitazama ikawa inaachana yenyewe, mpaka ikafikia kipimo cha mkate.

"Basi ataelewana nao," akasema. "Shida yake ni wadogo tu."

Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia.

Jumapili asubuhi nikamtia fulu kwenye tangi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya pampu akainamisha kichwa, akatulia hapo bila kumsumbua mtu, nikamwambia Ouma, "Unaona? Ana heshima za kwenu." Ouma akalitazama tangi, akanitazama mimi, akasema, "Ni mkubwa, lakini." Nikamwambia hata yeye ni mkubwa na hajawahi kunimeza.

Wageni wakafika, wakaketi, wakapewa chai. Mama Ouma ni mwanamke mrefu, haongei haraka, na macho yake yalipita polepole kwenye kochi, kwenye mapazia, kwenye diploma (hapo yalipita upesi kidogo kuliko nilivyopenda), kisha yakafika kwenye tangi yakabaki hapo. Nikaona huu ndio wakati. Nikasimama na ile sauti yangu ya ukumbini nikasema, "Mama, Auntie, Mjomba, Shangazi, karibuni. Kabla hatujala, naomba mtazame tangi hili. Hawa wadogo ni watu wa kwetu Ukambani. Yule mkubwa pale nyuma ametoka ziwani, ni watu wa kwa Ouma. Wanakaa maji mamoja, kwa amani, bila neno. Na sisi hivyo hivyo."

Wakapiga makofi. Mama Ouma alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Mjomba Mutua, ambaye ni mzee wa kanisa na sala zake huanzia kuumbwa kwa ulimwengu zikatembea polepole hadi kwako, akasema tuombe.

Tukafumba macho. Mjomba alikuwa bado kwa Nuhu niliposikia maji yakisema *chwap*. Nikafumbua jicho moja. Fulu alikuwa ametoka nyuma ya pampu. Kwaya ilikuwa imejikusanya kwenye kona, na ilikuwa imepungua. Nilipokuwa nikijaribu kuhesabu, akapita tena, na sauti ya kwanza yote ikaondoka.

"Hawa wawili, Baba," Mjomba akaendelea, "uwafanye kitu kimoja."

Na fulu akawa anawafanya kitu kimoja. Ukimkatiza Mjomba katikati ya sala hatakusamehe mpaka Pasaka, kwa hivyo nikarudi kinyumenyume hadi jikoni, nikachukua upawa wa supu, nikanyata hadi kwenye tangi, nikafungua kifuniko, nikazamisha mkono. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la kitenge lenye mikono mipana kama kengele. Mkono wa gauni ukanywa maji, ukanasa kwenye bomba la pampu, nikavuta, bomba likang'oka, likaanza kutema maji juu ya kochi. Fulu akakimbia kushoto, nikamfuata na upawa, akakimbia kulia, nikamfuata, upawa ukagonga kioo, ko, ko, ko.

"Na huyo anayebisha, Bwana," Mjomba akaomba akiwa bado amefumba macho, "afunguliwe mlango."

Auntie Rose akafumbua macho ili akafungue mlango. Akanikuta nimezama hadi kwapani.

"Ndanu, unapakua?" akauliza.

Wote wakafumbua macho. Ouma akaona maji yakishuka kuelekea kwenye soketi, akasema kwa upole wake, "Toa mkono, usiguse kitu," akatembea hadi mlangoni akazima umeme wa nyumba nzima. Wakati huohuo fulu aliruka, akapita pale nilipofungua kifuniko, akatua kwenye kapeti mbele ya miguu ya mama mkwe wangu mtarajiwa, na mdomoni mwake ulikuwa umening'inia mkia mrefu wa rangi ya machungwa.

Mama Ouma aliinama. Akachovya mkono kwenye tangi kwanza, kisha akamkamata samaki yule mgongoni bila haraka, akasema, "Lete sufuria yenye maji." Nikaleta. Akamweka.

Auntie Rose ndiye aliyeanza.

"Hebu niulize. Huyu ndio ulisema ni sisi?"

"Ndio, Auntie."

"Na hao amekula ndio nyinyi?"

Mjomba Mutua alikuwa ameshika ncha ya koti lake kama mtu anayejiandaa kuondoka. Shangazi Mbithe akasogea kwenye tangi akachungulia.

"Mimi ni gani hapa?" akauliza.

"Shangazi, tuketi kwanza tule."

"Ndanu. Nimekuuliza, mimi ni gani?"

"Ulikuwa yule wa mkia mrefu."

"Nilikuwa?"

"Na mimi?" Mjomba akauliza.

"Uko, Mjomba. Uko chini ya jiwe."

"Asante Yesu," akasema Mjomba, akaketi.

Nikamtazama Mama Ouma. Alikuwa ameinamia sufuria na mabega yake yanatetemeka, nikasema basi, nimemliza, Ouma sasa ataambiwa asubiri. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti mpaka akalazimika kushika mkono wa kochi, na kochi lilikuwa limelowa.

"Umetoa wapi huyu?" akaniuliza.

"Karen, mama."

"Fulu. Karen." Akajipangusa macho kwa leso. "Nilipokuwa msichana tulikuwa tunawakamata kwa kanga, mimi na Rose, pale maji yanapofika magotini. Kisha mbuta, yule samaki mkubwa mlafi, akaletwa ziwani, akawala, akawamaliza. Mwekundu kama huyu sijamwona tangu hapo." Akamtazama tena. "Maskini. Maisha yake yote amekuwa yeye wa kumezwa. Amefika Nairobi siku moja tu, na yeye amepata wa kumeza."

Auntie Rose aliangua kicheko, Ouma akamfuata, na mimi nikabaki nimesimama na upawa, natiririka maji.

"Kwa nini ulimleta?" Mama akauliza, sasa bila kucheka.

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeiandaa tangu Karen. Lakini ilitoka hivi tu: "Niliogopa utaingia hapa usimkute mtu wa kwenu."

Mama Ouma aliniondolea ule upawa mkononi, akauweka mezani, akaanza kukamua mkono wa gauni langu, maji yakidondoka ndani ya sufuria ya fulu.

Shangazi Mbithe, ambaye hajawahi kuacha jambo lipite, akakohoa. "Mimi nataka ijulikane," akasema. "Siku ya mahari, hao waliokuliwa lazima wahesabiwe. Mkia wangu peke yake ni mbuzi. Kwaya sijaisema."

Nikafumba macho. Mama Ouma akaendelea kukamua.

"Tumekula, mama," akamjibu. "Tutalipa. Mnatutaka Mwingi lini?"

Basi tulikula gizani kidogo, kwa sababu Ouma alikataa kuwasha umeme mpaka kochi likauke, na siku ikapangwa hapo hapo, na mbuzi wa mkia alitolewa kweli, akiwa na utepe wa rangi ya machungwa shingoni (hilo lilikuwa wazo la Auntie Rose).

Fulu sasa ndiye mwenye tangi, anakaa na kambare tu, maana kambare ana miiba na hamezeki. Mama akinipigia kutoka ziwani haniiti kwa jina wala kwa cheo, ananiita Mama Fulu, na anauliza kama mtoto amekula kabla hajauliza habari za Ouma. Mjomba Mutua naye hupiga kila Jumapili kabla ya kanisa, eti ananijulia hali, lakini ninamsikia anavyozungukazunguka mpaka aulize kama bado yuko chini ya jiwe. Ninamwambia yuko, Mjomba, ananenepa. Nimeapa kwa diploma yangu: nitaongeza samaki wengine, nitawapima kwa rula nikiwa nimeibana mikono yangu, na hakuna hata mmoja atakayepewa jina la mtu mwenye simu.