Gitaa Lililomsubiri Mama Loretta

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata ile niliyoshuka uwanja wa ndege huku Marekani, baridi ikanipiga makofi. Ni siku niliyokataa kuanza wimbo.

Naandika polepole, shule yangu iliishia darasa la saba, basi nivumilie. Nilikuwa kijana mwenye haya. Hata kuomba chumvi mezani niliona tabu. Lakini gitaa nililijua, na hapa mtaani Phillips bendi moja ya fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, ikanichukua. Tulifanya mazoezi besimenti, chini ya nyumba ya Mama Loretta, kando ya mashine yake ya kufulia. Mama Loretta, Mmarekani mweusi, ndiye aliyepiga dramu. Alinifundisha kwamba katika fanki mtu hajazi kila mahali. Humwachia mwenzake nafasi apumue.

Tulipanda kidogo kidogo: harusi, sherehe za mtaani wakati wa kiangazi, mwisho hoteli moja ya mji jirani wa Bloomington ikataka kutujaribu. Tukipendwa, tungepiga pale kila Jumamosi. Hapo Kamau, Mkenya mpiga besi na kiongozi wetu, akasema vidole vya Mama vimevimba, anachelewesha mdundo, tutafute kijana. Aliyasema hayo mle besimenti, Mama yuko juu anatukaangia samaki! Wenzangu wakaitikia mmoja mmoja, "Sawa, sawa." Mimi nikatazama viatu vyangu.

Sasa, kwenye bendi ile gitaa ndilo lililofungua wimbo. Nisipokwaruza nyuzi, hakuna anayeingia. Siku ya hoteli watu wamejaa, kijana mgeni ameshika vijiti, na mkono wangu umelala juu ya nyuzi, kimya.

"Anza, bwana!" Kamau akaninong'oneza.

"Namsubiri Mama."

"Mama hayuko tena kwenye bendi."

"Hajaniambia mwenyewe."

"Ala! Leo ndiyo umepata mdomo?"

Kumbe Mama alikuwemo ukumbini, amekuja kutusikiliza na kofia yake ya kanisani. Akapanda jukwaani taratibu. Nikadhani atanishukuru. Akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, bomba la hewa ya moto, lile la kupashia nyumba joto, hupandisha kila neno la besimenti mpaka jikoni kwangu. Siku ile nilisikia sauti zao zote, nikaingoja yako. Sikuisikia. Hawa waliokuja kucheza wamekukosea nini? Piga! Maneno yako yalete Jumatatu, palepale yalipohitajika."

Nikapiga, na hoteli ikatupenda. Jumatatu nikashuka besimenti natetemeka, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokota: "Mama akitoka, nami natoka. Nyimbo za polepole apige yeye, za kasi apige kijana."

Kamau akakuna kichwa. "Wazo zuri hili! Ulikuwa umelifungia wapi?"

Tukapiga hivyo miaka mingi, mpaka Mama alipoviweka vijiti chini kwa hiari yake. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sisi tulibaki na mkeka wetu wa zamani, tukaongeza na mpya.

Leo vidole vinavyovimba ni vyangu. Wiki iliyopita nilikuwa nikishuka ngazi za mazoezi nikasikia wananijadili. Kabla Kamau hajamaliza, binti wa kinanda, mkimya kuliko nilivyokuwa mimi, akamkatiza kwa Kiingereza chao cha watoto wa huku: mzee abaki, pale anapochelewa nitamzibia pengo mimi. Nikasimama pale ngazini, nikacheka peke yangu.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Haya ni pambo, ivae, ila isikuzibe mdomo. Jambo usilolitaka likatae pale linapoamuliwa. Ukilingojea jukwaani utawaadhibu wasiohusika. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, bado ni sauti.

Mungu akupe neno kwa wakati wake, na akuzungushie watu watakaokuachia nafasi upumue.