Petroli ya Asubuhi

Baba yetu alikuwa na gari dogo la petroli alilolitumia kupeleka watoto wa shule. Usiku lililala mwisho wa kichochoro chetu cha mtaani Kuze, pale kuta zinapoachana kidogo na gari kuweza kupita, chini kabisa ya dirisha la chumba tulicholala sisi watoto. Akitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri aliingia garini, akavuta choki, ule waya wa kuiongezea injini baridi petroli, akawasha injini, na kuiacha iungurume huku akisoma uradi wake wa asubuhi. Uradi ule hakuukatiza kwa ajili ya mtu yeyote, na injini nayo hakuizima. Akimaliza ndipo alipoondoka kwenda kuchukua watoto.

Bibi mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akimpigia kelele dirishani: "We bwana, gari lako linasali kuliko wewe! Moshi wote umeniingilia ndani!"

"Niombee dua, mama, nami nitakuombea," baba alimjibu alipomaliza, akaondoka.

Mama alifariki mimi nikiwa kidato cha pili. Niliacha shule kuwalea wadogo zangu wawili, mvulana na msichana mdogo aliyekuwa bado anatambaa. Nilipofikia umri wa leseni, baba alinifundisha kuendesha, asubuhi za Jumapili, barabara ya Mama Ngina ikiwa bado haijaamka. Jirani walipomsema, aliwajibu kwamba mtu anayebeba nyumba hawezi kungoja mwanamume wa kumfikisha sokoni. Kisha maradhi ya kifua yakamshika, na hakuinuka tena.

Siku ya maziko mdogo wetu wa kike alikuwa na miaka sita. Wanawake walimwondoa nyumbani wakampeleka kwa yule bibi jirani, kama ilivyo ada kwetu kumwondoa mtoto mahali penye kilio. Alipomuulizia baba aliambiwa amesafiri. Aliporudi hakuuliza tena, nasi tukashukuru kwamba hakuuliza.

Baada ya hitima, ami yetu, kaka yake baba, alibaki barazani na kuniita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na nyumba ndogo huko Changamwe, na uso wake ulionyesha kwamba maneno yale alikuwa ameyabeba tangu makaburini.

"Mwanangu, gari lile niliuze. Huyu wa kiume nimchukue mimi. Mdogo aende Malindi kwa shangazi yenu. Nawe ukae nasi mpaka upate mtu wako."

"Ami, nitaendesha mimi. Wazazi wa watoto wa shule hawajatuacha. Kina mama wanasema ndiyo afadhali, dereva awe mwanamke."

"Nimeliona gari lile. Linakula kuliko nyinyi watatu."

"Nipe nafasi."

"Haya. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia nitakuja. Kama linawalisha, libaki. Kama nyinyi ndio mnalilisha, naliuza na kuwagawa. Usinilaumu."

Basi nikashika kazi. Niliamka alfajiri, nikasali, nikashuka na buibui langu, nikavuta choki, nikawasha. Kisha nikasoma uradi wa baba, niliokuwa nimeuhifadhi kwa kuusikia tu kupitia dirishani. Sikujua kuliondoa gari kwa namna nyingine. Kwangu mimi kusoma na kuunguruma vilikuwa kitu kimoja, kama vile lisingeweza kufika shuleni Kizingo bila vyote viwili.

Lakini ami alisema kweli. Tangi nililolijaza Jumatatu lilikuwa linalia kabla ya katikati ya wiki. Wiki nyingine tulikula mkate na chai ya rangi ili watoto wa watu wafike shule. Mdogo wangu wa kiume alianza kusema hana njaa kabla hajaulizwa.

Nililipeleka kwa fundi mmoja Bondeni, mzee wa Kigiriama aliyekuwa akimtengenezea baba. Aliliwasha, akasimama nyuma akinusa moshi, akacheka.

"Mwanangu, gari hili halinywi petroli. Linaoga."

"Unacheka, mzee, na mimi nyumba yangu itavunjwa kwa ajili yake."

Nilimweleza maneno ya ami. Akaacha kucheka, akalala chini ya gari. Alitoa chujio la hewa likamwaga vumbi kama unga. Plagi zilikuwa nyeusi kwa masizi. Aliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, akalizungusha kwa mkono, likagoma: breki ilikuwa imeshikilia, na injini ilikuwa ikilivuta gurudumu lile kama mtu anayemburuta mbuzi. Akailegeza, kisha akafungua kabureta, akaisafisha kwa mswaki uliochakaa. Akajaza upepo magurudumu yote, akanionya nisiache hata wiki ipite bila kuyatazama.

Kisha akaniketisha. "Sasa wewe mwenyewe. Usikanyage mafuta kama unayemwua mende. Badilisha gia mapema. Ukiona mkokoteni mbele, toa mguu kabla hujaufikia, usingoje kupiga breki. Nje ya shule, ukingoja, zima. Na asubuhi wafanyaje?"

Nikamwambia kuhusu choki na uradi.

Alifuta mikono kwa kitambaa. Yeye alikuwa Mkristo, nikaona anachagua maneno. "Babako nilimwambia, akakataa. Dua yako siigusi. Lakini soma kwanza, ndipo uwashe. Ukishawasha, ondoka polepole, injini itapata moto njiani. Choki uirudishe mapema. Mungu hakusikii kwa petroli, mwanangu."

Nilicheka, na huku nikicheka machozi yakanitoka. Naye akajifanya anatafuta spana.

Asubuhi iliyofuata nilisoma ndani ya gari lililozimwa. Kichochoro kilikuwa kimya hata nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikisoma, nikaona haya nayo. Nilipomaliza niliwasha, nikaondoka papo hapo. Bibi jirani alitoa kichwa dirishani, akanitazama, akakirudisha ndani.

Niliporudi mchana nilimkuta mdogo wangu wa kike amekaa kitandani, hajachana nywele wala hajagusa chai. Kaka yake alikuwa amechoka kumbembeleza.

"Dada, mbona baba hakuja leo?"

Nilidhani ana homa. Nikamshika paji la uso. "Baba yupi?"

"Baba. Si ndiye anayekuletea gari asubuhi?"

Hapo nikaelewa. Tuliomwambia amesafiri tulikuwa sisi, wakubwa. Naye, alfajiri zote zile, alikuwa akiamka gizani, akiisikia injini inaunguruma chini ya dirisha kama ilivyokuwa tangu azaliwe, akalala tena. Kwa hesabu yake baba alikuwa anarudi kila asubuhi, anasoma uradi wake, ananiachia gari, na kwenda zake safarini. Hakuwa na sababu ya kuuliza lolote.

"Iwashe, dada," alisema. "Iwashe tu, atakuja."

Ningeweza. Nilikaa pale ukingoni mwa kitanda nikijua kwamba ningeweza kuiwasha kila alfajiri, akalala akidhani baba yupo, nasi tukaendelea mpaka ami aje na mnunuzi. Nyumba isingesimama kwa namna ile. Na hata kama ingesimama, siku moja angekua.

Nikamshika mkono tukashuka pamoja. Nikamketisha kiti cha mbele, nikavuta choki, nikawasha, nikaiacha ikiunguruma. Akafumba macho.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Huu ni mlio wa injini, mdogo wangu. Nilikuwa nikiiwasha mimi. Baba hakusafiri. Baba amefariki, kama mama. Amezikwa karibu na mama."

Nikazima. Hakulia. Aliigusa redio mbovu ya gari, akaigusa na tasbihi ya baba iliyoning'inia kiooni, akauliza: "Kila mtu anajua?"

"Ndiyo."

"Hata yeye?" Aliashiria juu, kwa kaka yake.

"Hata yeye."

Hilo nadhani ndilo lililomuuma zaidi ya yote.

Gari likatengemaa. Nilipanga upya njia yangu, nikawa nachukua watoto wa Kuze kwanza, kisha Bondeni, kisha kushuka Kizingo, bila kurudi nyuma hata mara moja. Tangi lililokuwa likilia katikati ya wiki likaanza kunifikisha Ijumaa, na baki kidogo. Samaki akarudi mezani. Mdogo wangu wa kiume akaanza tena kuomba sahani ya pili. Lakini yule mdogo alikuwa amenyamaza. Alifanya kila alichoambiwa. Asubuhi nilipokuwa nikishuka nilimwona macho wazi, ametazama dirisha.

Ami alikuja siku chache kabla ya mwezi kuandama. Nilimbusu mkono, nikampa chai na mahamri. Alimuuliza bibi jirani, akamuuliza mwenye duka, akalizunguka gari akiligonga gonga kwa kidole. Kisha akaketi barazani, na nilimwona amepumua.

"Haya. Libaki. Nanyi mbaki nyumbani kwenu. Babako angefurahi."

Sijawahi kusikia maneno niliyoyangoja hivyo. Nilikuwa bado nayashika kifuani mdogo wangu wa kike alipotoka ndani, akasimama mbele ya ami.

"Mimi nataka kwenda kwa shangazi."

"Kwa nini, mama?" ami alimuuliza. "Dada yako amekupigania, hujui?"

"Najua. Lakini shangazi anacheka kama baba."

Ami alinitazama mimi, nami nikatazama kikombe changu. Nilimwomba mdogo wangu afikiri mpaka kesho. Kesho yake alisema vilevile, kwa sauti ileile ya chini, akinishika mkono kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Nilimpeleka mwenyewe. Njia ya Malindi ni ndefu, nikaenda polepole, mguu mwepesi kama nilivyofundishwa, magari yote yakitupita. Alilala nusu ya njia. Kilifi nilimnunulia korosho, akazigawa nusu kwa nusu, akanitilia zangu mapajani nisiachie usukani.

Shangazi alikuwa mlangoni. Alipomwona alicheka na kufungua mikono, na mdogo wangu akaniachia mkono, akakimbia. Kilikuwa kicheko cha baba kabisa, kinachoanzia chini na kumalizikia puani. Mimi nilikuwa nimekisahau. Mkoba wa mdogo wangu bado nilikuwa nao. Nilisimama pale uani nikiushika, nikingoja shangazi acheke tena kabla sijaaga.