Hatua Arobaini Hadi Kwenye Mwani

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, wenzangu wa pale mtaani Mtwara walikwenda kwa babu zao Mikindani au Mpapura, wakarudi wamenenepa. Mimi na mama tulikwenda kaburini. Hatukusema hivyo. Tulisema tunakwenda kwa bibi.

Kijiji cha bibi kilikuwa karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Tulipanda lori la mizigo mpaka Mahurunga, tukalala kwa jamaa, asubuhi tukapita katikati ya mashamba ya mpunga mpaka kwenye mikoko. Hapo palikuwa na mkono wa bahari. Maji yakipwa tulivuka kwa miguu, viatu mkononi, na ng'ambo ya pili nyumba ya kwanza ilikuwa ya bibi.

Mdogo wangu alizikwa pale. Alikuwa na miaka mitatu, mimi tisa. Ilikuwa likizo kama hizo, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Homa ilimpata siku ya pili baada ya kufika, na siku ya nne hatukuwa naye. Kwetu maiti haingoji, na mjini ni mbali, kwa hiyo alizikwa kwenye kiwanja cha bibi, upande wa baharini. Baba alikuwa amesema mtoto bado mdogo kwa safari ile. Mama ndiye aliyeshikilia twende. Hakujisamehe. Kama baba alimsamehe sijui, maana nyumbani halikuzungumzwa.

Siku ya tatu baada ya maziko mama na bibi walisimika mawe mawili ya matumbawe, moja kichwani, moja miguuni. Kwetu mawe hayo huitwa mashahidi. Kisha nikamwona mama akitembea kutoka kwenye jiwe la kichwani kuelekea baharini, taratibu, midomo ikicheza, mpaka kwenye ule mstari wa mwani ambao maji hujaa na kuuacha. Zilikuwa hatua arobaini. Alirudi akamwambia bibi, "Mama, bahari isimfikie mwanangu."

Bibi alisema haitamfikia.

Tangu hapo kila tulipofika mama hakuketi wala kunywa maji kwanza. Alimsalimu marehemu, akamwagia kaburi maji, akahesabu hatua. Arobaini. Ndipo alipovua mtandio na kuanza kucheka na watu.

Miaka ikaenda, na njia ikawa inabadilika. Mwezi wa sita uliokuwa mkavu ukaanza kutuletea mvua, na lori likawa linakwama kwenye matope ambayo zamani hayakuwapo msimu ule. Mikoko ya pale pa kuvukia ilikufa ikiwa imesimama, myeupe, bila jani. Tukipita katikati yake hatukusikia ndege. Minazi tuliyokuwa tukipumzika chini yake tuliikuta imo ndani ya maji, mingine bado ina nazi. Kisima cha bibi kiliingia chumvi, tukaanza kubeba dumu la maji kutoka Mahurunga. Nyumba za jirani zilihama moja moja. Mmoja aliacha mlango umesimama kwenye fremu yake, ukuta hakuna, na upepo ulikuwa ukiufungua na kuufunga.

Lakini hatua zilikuwa arobaini. Kila mwaka.

Mimi nilihesabu upande mwingine. Sikukusudia. Wakati mdogo wangu anazikwa, kaburi halikuonekana kutoka jikoni kwa bibi, mpaka uzunguke kichaka cha mikadi. Baadaye kichaka hakikuwapo, na kaburi nililiona nikiwa nimesimama mlangoni. Mwaka mwingine niliona mawe yote mawili huku nimekaa kwenye kibao cha mbuzi nikikuna nazi. Nilihisi kama mdogo wangu anarudi nyumbani polepole, kila likizo hatua chache, na sasa amekaribia kusikia tunachosema. Nikaacha kukaa nimeupa mlango mgongo.

Baada ya zile mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini, barabara ilikatika, na kila mtu alijua safari itachukua siku tatu. Tukapata gari la watu wa mpunga lililopita njia ya juu. Tulifika siku mbili kabla ya siku tuliyotazamiwa. Mama alisimama pale mikokoni kufunga dumu vizuri, nami nikatangulia kwenda kumshtua bibi. Nilimkuta ufukweni anakuja upande wangu, ngata kichwani, na juu ya ngata jiwe. Nyuma yake, pale kaburi lilipokuwa mwaka jana, palikuwa na maji tu, yametulia, ya rangi ya chai.

Bibi alisimama. Tangu nikiwa mdogo alinitania kwa kuniita mke mwenza.

"Mke mwenza," akasema, "umeniona na nini kichwani?"

"Jiwe."

"Umeniona na kuni."

Akangoja, jiwe limetulia juu ya kichwa chake kama la mtu aliyezoea.

"Nimekuona na kuni," nikasema.

"Haya. Sasa nenda kamcheleweshe mama yako. Mwambie mguu unakuuma."

Nilikwenda nikasema mguu unaniuma. Mama aliukanda mguu wangu mzima kwa muda mrefu, tumekaa kwenye mizizi ya mikoko iliyokufa. Tulipofika bibi alikuwa jikoni anapuliza moto. Mama alihesabu hatua zake, arobaini, akasoma Fatiha juu ya mchanga ambao chini yake hapakuwa na mtu. Nilisoma naye. Sijawahi kuogopa kama siku ile, na sikujua naogopa nini: bahari, bibi, au mimi mwenyewe niliyekuwa nimeshaingia katika jambo lile.

Sikumwambia mama. Kila mwaka nilisema nitamwambia tukirudi mjini.

Bibi alifariki miaka ya elfu mbili, kipindi cha masika. Habari ilitufikia amekwisha kuzikwa, maana njia ilikuwa imefungwa na maji. Mwezi wa sita tulikwenda, mimi sasa mtu mzima. Pale pa kuvukia tulifika saa ileile aliyotufundisha bibi, kwa hesabu ileile ya mwezi, na maji yalinifika kifuani. Tulivuka tumeshikana, mizigo kichwani.

Bibi walikuwa wamemlaza juu kabisa, kwenye mikorosho. Tulimsalimu yeye kwanza. Tuliposhuka, nyumba haikuwa na paa. Jiwe la miguuni lilikuwa limelala. La kichwani lilisimama, na kila wimbi lililokuja lililizunguka likarudi.

Mama hakuhesabu. Nikaona saa ya kusema imefika.

"Mama, mwaka ule nilipokwambia mguu unaniuma..."

"Haukuwa umevimba," akasema. "Najua mguu unaouma."

Kisha akanionyesha jiwe. Lilikuwa na ufa ubavuni. Siku ile ya tatu, yeye mwenyewe ndiye aliyelisimika, na ufa akaugeuzia baharini. Mwaka ule wa mvua kubwa aliukuta umeangalia nyumbani.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia bibi?"

"Angeona aibu. Na mimi ningekuja kufanya nini tena huku?"

Alikunja kanga yake ngata, akaiweka kichwani, akachuchumaa mbele ya jiwe la kichwani. "Nitwike," akasema. "Wewe chukua la miguuni."

Tulianzia kwenye mstari wa mwani. Mama alihesabu kwa sauti, mara ya kwanza kumsikia. Hatua ya arobaini ilitufikisha ndani ya jiko la bibi, kwenye mafiga, majivu bado yapo. Tukachimba hapohapo kwa mikono. Mama alimwaga maji ya dumu, akasoma, akatoa salamu.

"Na wewe," akaniambia. "Mwambie mdogo wako tumefika."

Nilimwambia. Nilisema kwa sauti, nimechuchumaa pale nilipozoea kukuna nazi, na mgongo wangu ulikuwa umeelekea baharini.