Stendi Isiyohitaji Mtu

Nasiha hupiga kinanda kwenye kupamba, sherehe ya arusi ambayo wanaume hawaingii. Kwa miaka tisa stendi ya kukiwekea kinanda chake ilikuwa ile ya miguu inayopishana kama mkasi, na iliyumba kila wanawake walipoanza kucheza. Hakujali, kwa sababu dadake Tumu aliketi kushoto kwake, akiukanyaga mguu mmoja wa stendi kwa kisigino na kuishika laptopu yenye midundo isiteleze. Mwezi wa Shaabani Tumu aliolewa, akaenda Maskati na mumewe.

Ndipo Nasiha alipokwenda duka la vyombo vya muziki, Barabara ya Digo. Muuzaji, Musyoka, alimtolea stendi tano. Nasiha alizisukuma moja moja kwa nyonga, kama watu wanavyosukumana wakicheza, hata Musyoka akaona haya akageuza uso.

"Dada, chukua hii ya miguu minne," alisema mwishowe. "Ina hata mahali pa laptopu. Hii haihitaji mtu wa kuishika."

"Hiyo ndiyo kasoro yake," Nasiha akajibu. Lakini aliinunua.

Ijumaa kulikuwa na kupamba Kibokoni. Ukumbi ulinukia udi na asumini, na wanawake walicheza hadi sakafu ikatetema. Stendi haikutikisika hata kidogo. Katikati ya wimbo mwanamke mmoja alikuja kukichukua kiti kilichokuwa wazi kushoto kwa Nasiha.

"Kiwache," Nasiha alimwambia, vidole vikiendelea kupiga. "Kina mwenyewe."