Nondo Niliyoizamisha Uani, Tandika

Sikulazimishi uamini. Nisikilize tu mpaka mwisho, halafu ukitaka kucheka, cheka. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Wenzangu wanaosimulia mambo ya namna hii husema kulikuwa na giza na hawakuona vizuri. Mimi niliona vizuri sana, na hadi leo natamani nisingeona.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kumwagika madukani. Kila kijana wa Temeke alitaka redio kubwa ya Kijapani yenye taa za kuwakawaka. Mimi nilikuwa fundi wa redio hizo, nilizifungua kila siku, na nakwambia kweli, nyingi zilikuwa kelele tu. Besi inagonga hadi madirisha yanalia, lakini mwimbaji anasema nini huelewi. Na mimi ni mtu wa rege. Rege kwenye spika mbovu ni afadhali uzime ukalale.

Basi nikaamua kujenga muziki wangu mwenyewe, wa mtindo wa zamani. Dar tukisema muziki tuna maana ya vyombo pia, si nyimbo peke yake. Nilitaka makasha marefu kama makabati, mashine moja ya santuri, na amplifaya ya zile taa za kioo zinazopata moto taratibu. Amplifaya niliipata kwenye jumba la sinema lililofungwa, imeliwa na kutu. Makasha nilichongesha Keko, mbao za mkongo, nene, na kila kiungo nilikisimamia mwenyewe mpaka seremala akaanza kunikimbia akiniona. Ndani nikajaza sufi ya mito ili sauti isigongane na mbao. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilikosea, nikafungua, nikakosea tena, nikafungua tena.

Ili nipate spika zenyewe niliuza kibanda changu cha ufundi. Unaona nilipofika? Sikuwa na pa kurudi. Tegemeo langu lilikuwa Mama Tesha, Mchaga mmoja mwenye baa Sinza, aliyetaka muziki wa kudumu wa kila wikiendi. Alisema atakuja mwenyewe Tandika, Jumamosi, asikilize. "Nikisikia mvumo tu, fundi, hatuna cha kuongea," aliniambia. Akinikataa, nauza vyombo kwa bei ya chuma chakavu, narudi Songea kulima. Na mimi kulima sikujua tena.

Mvumo ndio ulionitesa. Unaujua? Ukiwasha amplifaya kuukuu, kabla hujapiga kitu, spika inasema mmmmm, kama nyuki wako kwenye kasha. Dawa yake mojawapo ni ethi, yaani unazamisha nondo ardhini na kuifunga waya unaotoka kwenye amplifaya. Nondo hutaka udongo wenye unyevu. Uani kwa Bi Mwanahawa, mama mwenye nyumba wangu, unyevu ulikuwa sehemu moja tu, nyuma ya bafu, maji yanapotokea. Jumatano nikapiga nondo pale kwa nyundo mpaka ikabaki ncha, nikaimwagia maji ya chumvi, nikafunga waya. Nilipowasha, mvumo ukawa umekatika kabisa. Nilicheka peke yangu.

Ikaja Ijumaa. Tandika, saa ya swala ya Ijumaa, mtaa unatulia. Wanaume wako msikitini, na sisi wenye miziki tunanyamaza. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini hata sisi Wakristo wa kutoka bara tuliishika. Mimi saa ile niliitumia kwa kazi moja. Nawasha bila santuri, nafungua sauti mpaka mwisho, naweka sikio kwenye spika. Muziki mzuri unaupima wakati haupigi kitu.

Nimeinama hivyo, nikaona miguu. Miguu peku, ina tope jeusi hadi vifundoni, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi ule uanze. Nikainua macho. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu yake imefuliwa mpaka imechakaa, mkono wa kulia umekandamiza ubavu wa kushoto. Mlango wa uani ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nilidhani ni ndugu wa Bi Mwanahawa aliyekuwa amelala ndani.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba."

Niamini ninachokwambia sasa. Mdomo ulifunguka kule aliposimama, lakini marahaba ilitoka kwenye spika, hapa, sikioni pangu. Na nitakwambia jambo la ajabu zaidi, kabla sijaogopa nilifurahi. Sauti ilikuwa safi. Nilisikia mpaka pumzi yake kabla ya neno, na ukavu wa koo lake. Moyoni nikasema, haya makasha hayana kosa. Ndipo woga ukanifika.

"Fundi," spika ikasema, "chuma chako kimenikaa vibaya."

"Chuma gani, mzee?"

"Hicho cha nyuma ya bafu. Waliponijengea bafu juu, nilinyamaza. Maji ya kuoga yanapita tu. Muziki wako nao si kitu, mie naupenda hata. Lakini hicho chuma kimepita hapa."

Akaondoa mkono kidogo. Kanzu ilikuwa na tundu, la upana wa nondo ile ile. Damu hakuna. Akarudisha mkono haraka, uso umejikunja, kama mtu mwenye jino bovu aliyepitiwa na upepo.

Wewe ungefanya nini? Najua, ungekimbia. Na mimi nilitaka. Lakini kichwani alikuja Mama Tesha, kikaja kibanda nilichouza, zikaja siku zote nilizokesha nikichomea nyaya. Kesho tu. Nilikuwa nahitaji kesho tu, na hata jini lisingeninyang'anya.

"Mzee wangu," nikasema, "nivumilie mpaka kesho jioni. Kuna mtu anakuja kusikiliza. Akiondoka tu, nakichomoa kwa mikono yangu."

"Na mpaka kesho jioni, anabeba nani?"

"Mie nitabeba."

Hapo ndipo penye kosa. Mjini pale maneno hayo tulikuwa tunayatoa kwa kila kitu. Mwenzako ana mzigo stendi, unasema mie nitabeba. Mwenzako kavunja glasi ya watu, mie nitabeba. Ni maneno ya kiungwana, yanatoka yenyewe. Sikufikiri kama kuna mtu anaweza kuyachukua yalivyo.

"Haya," akasema. Akashusha mkono. Akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia, na karatasi ya spika ya besi ikatikisika, niliiona. Nilipogeuka kumtazama tena, uani palikuwa na kuku tu.

Halafu kikaniingia. Ubavu wa kushoto, chini kidogo ya chuchu, kitu baridi na kigumu, kikapita mpaka mgongoni. Nikakaa chini. Nikivuta pumzi kinasogea, nikiitoa kinasogea.

Alasiri alikuja rafiki yangu Jofu, mtu wa Mbeya, rasta, tuliyekuwa tunajenga naye muziki ule. Alinikuta nimejikunja juu ya mkeka. Nikamweleza yote. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Chomoa sasa hivi, braza," akasema. "Muziki gani huu wa kufia?"

"Sichomoi."

"Utakufa kibudu, wewe."

"Nimemwambia kesho jioni. Itakuwa kesho jioni."

Usiku ule nililala nimekaa, nimeegemea kasha. Nikawa namfikiria yule mzee. Mimi nilikuwa na nondo ile ubavuni tangu mchana na nilishalia machozi. Yeye alikuwa nayo tangu Jumatano, na alipokuja kuniambia aliongea kwa upole, akaniita fundi, akausifia na muziki wangu. Nilimwonea huruma sana, na nilijionea aibu. Lakini nondo sikuichomoa. Nilikuwa nimeshakubali kuibeba, na niliona nikiichomoa kabla ya kazi, nitakuwa nimeteseka bure.

Jumamosi Mama Tesha alifika kwa teksi, gauni la kitenge, mkoba kwapani. Bi Mwanahawa akampa kigoda. "Washa," akasema, "ila usipige kitu." Nikashangaa kumbe na yeye anajua kipimo hicho. Nikawasha. Akasogeza kichwa kwenye kasha, akafumba macho. Palikuwa kimya hivi kwamba tulisikia maharage ya Bi Mwanahawa yanatokota jikoni.

"Haya, nisikie rege yenyewe."

Jofu akaweka santuri. Besi ilipoanza, kila nota niliipokea ubavuni. Sitii chumvi hata kidogo, kila nota. Nikashika kasha kwa mikono miwili nisianguke. Na sauti, ndugu yangu, ilikuwa ile niliyoiota. Besi nene lakini haimzibi mtu, gitaa limekaa pembeni pake, mwimbaji unamwelewa kila neno kana kwamba yuko uani na sisi. Machozi yalinitoka, na hata leo sijui yalikuwa ya maumivu au ya furaha.

"Fundi, mbona unatoka jasho hivyo? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Joto tu."

Akanitazama, akatazama vyombo. "Utaanza Jumamosi ijayo," akasema. "Na hilo shati ubadilishe."

Teksi haijafika hata barabarani, mimi niko nyuma ya bafu. Nikaishika ncha ya nondo, nikavuta. Haikusogea. Jofu akaongeza nguvu, tukavuta wawili mpaka viganja vikachubuka. Wapi. Na kila tukivuta, ubavu wangu unachanika. Nikapiga ukelele, Bi Mwanahawa akaja mbio akishika kanga yake. Ikabidi nimweleze.

Bibi yule alisikiliza, kisha akauliza kitu kimoja. "Ulipokuwa unaipigilia, mwanangu, ulipiga hodi?"

"Hodi kwa nani, bibi?"

"Ndiyo maana," akasema. Alituambia marehemu mumewe alinunua kiwanja kwa watu waliokuwa wanazika nyumbani, kama wenyeji wa pale walivyofanya zamani. Waliambiwa makaburi yote yako upande wa barabarani, wakayaacha, wakajenga huku nyuma. Kumbe mmoja alisahauliwa.

Akakaa chini pale pale kwenye tope. Akapapasa udongo kwa kiganja, polepole, jinsi anavyoamshwa mtu aliyelala. "Mwenyewe, hodi," akasema. "Huyu kijana ni mgeni, hajui. Tusamehe. Amekuja kuchukua chake." Akangoja. Halafu akaniambia, "Haya, vuta."

Nikavuta kwa mkono mmoja. Ikatoka yote, na ubavuni nikasikia nayo inatoka, inchi kwa inchi. Nikalala chini nikipumua tu. Sijawahi kufurahia pumzi kama siku ile.

Bafu lilihamishwa. Bi Mwanahawa akaizungushia sehemu ile mawe, na kila Alhamisi jioni alichoma ubani, mpaka alipofariki. Mimi nikaenda Sinza na muziki wangu, nikapiga pale miaka mingi, na watu walikuwa wanatoka mbali kuja kusikiliza. Sijutii kuujenga. Ila ubavu wa kushoto siulalii hadi leo, na nina kovu la duara ambalo daktari akiliona huniuliza nilichomwa na nini. Namwambia nondo. Huwa haulizi zaidi.

Basi wewe unayefunga vyombo, unayechimba msingi, unayesimika nguzo ya turubai kwenye kiwanja cha watu, nisikilize. Uliza wenyewe kwanza, na wenyewe si wale tu wanaopokea kodi. Mimi kila ninapozamisha nondo nainama, naweka kiganja ardhini, nasema hodi, nangoja. Vijana wa siku hizi hunicheka, na mimi nawaacha wacheke. Karibu kote sijibiwi, nafanya kazi yangu.

Mara moja tu, kule Bunju, kwenye harusi, tumeshashusha makasha na turubai limeshafungwa, nilisema hodi nikaitikiwa "karibu" kutoka chini, kwa sauti ya mtoto mdogo. Nilisimama, nikawaambia vijana wahamishe kila kitu ng'ambo ya barabara. Bwana harusi alinitukana mbele ya wakwe zake. Nikahamisha. Na wewe ukiitikiwa, usibishane na mtu, wala usimwambie huyo aliyekuitikia akuvumilie mpaka kesho. Hamisha.