Siku Regyuleta Ilipojizima

Mwanamke yule alifika kibandani kwangu ninapotengeneza redio, sokoni Kibondo, kabla ya saa sita mchana, redio yake ya mawe manne kaifunga kwenye kanga. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alivuka mpaka pale Mabamba, na njiani akapotezana na mwanawe. Jana yake, kwenye kipindi cha kutafuta ndugu waliopotea, alisikia jina la mtoto likisomwa. Kabla mtangazaji hajasema yuko kambi gani, mawe yakaisha nguvu.

"Wanarudia leo saa saba," alisema. "Baada ya hapo, basi."

Mawe mapya hayakuwepo dukani wiki nzima. Mvua ilikuwa imekata barabara. Nilikuwa na betri ya lori ya volti kumi na mbili, na redio ilitaka sita. Nikatoa regyuleta niliyoitunza kwenye kopo, kifaa kidogo kama punje ya hindi, chenye miguu mitatu: mmoja unapokea umeme wa betri, mwingine unatoa volti sita, wa kati ni wa hasi. Kwenye regyuleta kubwa nilizozoea, mguu wa kupokea uko kushoto. Kwenye hii ndogo uko kulia. Nilikagua mara tatu. Ningekosea, redio ingeweza kuungua, na mtoto angebaki jina tu.

"Punje hiyo ndiyo ibebe betri ya lori?" fundi baiskeli wa jirani akacheka. "Mama, chukua redio yako ukimbie!"

"Oya, hapana, aiunge," mama akasema, bila kucheka.

Redio ikaongea. Watu wakasogea.

"Ongeza sauti, fundi, wa nyuma hatusikii!"

Nilijua regyuleta ile hutoa umeme kidogo tu, wa kutosha sauti ya chini. Kwa kutaka sifa, nikaongeza mpaka mwisho. Muziki ukarindima, kipindi kikaanza, na mtangazaji alikuwa amesoma majina mawili redio iliponyamaza.

Nikagusa regyuleta, ikaniunguza kidole.

"Umeiua," fundi baiskeli akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

Mama alinitazama, midomo yake ikitaja jina la mwanawe kimyakimya. Niliwahi kuambiwa kwamba regyuleta za aina ile hujizima zikipata moto mno, na zikipoa hurudi. Sikuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Nikapunguza sauti karibu kabisa na kuzima, nikaanza kuipepea kwa kipande cha boksi.

Sauti ikarudi, nyembamba kama ya mbu.

"Nyamazeni!" Fundi baiskeli akashika gurudumu lililokuwa likizunguka. Mama akalaza sikio kwenye spika. Sisi wengine hatukusikia neno. Nilimtazama usoni, nikiogopa kuuliza kama jina limeshapita.

"Kasulu," akasema. "Yuko kambi ya Kasulu."

Lakini hakuinua kichwa. Alibaki hivyo mpaka majina yote yalipokwisha, akihofia mtangazaji asije akasahihisha.